Hodi ya Asia

Mkeka ulikuwa umelowa mahali ambapo hakukaa mtu.

Hosiana aliugusa. Maji baridi, yenye harufu ya tope la mto. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Mama Zuleha," alimwita mwenye nyumba kwa sauti ya chini, "kuna mtu aliingia chumbani kwangu?"

"Aingie nani? Si umejifungia humo, umetulia kama kuku anayeatamia!"

Hosiana hakucheka. Tangu mto ulipofurika ghafla kutoka milima ya Uluguru ukambeba rafiki yake Asia, wakiwa wameshikana mikono, kila mvua iliponyesha alikuwa halali, na darasani hasikii kitu. Mshauri wa wanafunzi chuoni akamfundisha kutafakari: kaa, fumba macho, fuata pumzi, kumbukumbu ikija usiifukuze, ikaribishe, itapita. Na kweli ilipita. Alianza kulala. Alianza hata kusoma.

"Ila leo nimefumba macho," alinong'ona, "nikasikia hodi. Sauti ya Asia. Mama, mdomo ulijibu wenyewe. Nilisema karibu."

Mama Zuleha aliweka ungo chini. "Mwanangu! Hodi ya usiyemwona haijibiwi. Huyo si Asia. Ni jini la mtoni, limechukua sauti yake."

"Tulifukuze?"

"Umelikaribisha mwenyewe, utalifukuzaje? Mgeni husindikizwa. Lifikishe mtoni, liage, urudi. Usitazame nyuma."

Alimfukiza ubani, akamtoa nje.

Hosiana akashika njia ya migombani, na kila alipokanyaga alisikia nyuma yake miguu iliyolowa ikikanyaga, chwa, chwa, na pumzi iliyoingia alipovuta yeye na kutoka alipotoa yeye, mpaka akashindwa kujua ipi ni yake, na ile harufu ya tope ikamjaa puani, kooni, kifuani, hadi alipofika ukingoni na maji yakamgusa vidole.

"Kwaheri, Asia," alisema akilia. "Mkono uliniponyoka. Sikuuachia."

Harufu ikaisha. Pumzi ikabaki moja.

Alirudi bila kutazama nyuma, kifua chepesi, karibu atabasamu. Alipofika katikati ya migomba, kiganja kidogo, baridi, kilicholowa, kikaingia ndani ya kiganja chake.

"Umenisindikiza vizuri, shoga yangu. Twende, na mimi nikusindikize. Ila leo mkono usiniponyoke."