Homa Haikuja na Mgeni

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla jogoo hajawika, Kemirembe alisikia kucha zikikwaruza ngozi. Alikuwa binti yake Koku, aliyelala juu ya nyasi za sakafuni. Alipomgusa, mwili ulikuwa wa moto. Homa iliyoondoka wiki iliyopita ilikuwa imerudi.

Kulipokucha, jirani yake Adelgunda alisimama uani, mikono kiunoni.

"Si nilikwambia, Mama Koku? Umefuga Mnyarwanda, sasa unafuga na homa."

Alimsema Mukandekezi, msichana aliyevuka mto Kagera bila cheti, akaja Nyakatuntu kuchuma kahawa. Nyumba nne zilimfukuza. Kemirembe ndiye aliyempa pa kulala.

"Namwendea mkungu, mkuu wa kijiji," Adelgunda akasema. "Arudishwe kwao."

Mukandekezi alikwishafunga kifurushi chake. "Nitaondoka mwenyewe, mama. Mtoto apone."

Kwao kulikuwa na njaa. Kemirembe alijua hilo, lakini hofu ilimshika.

"Ngoja kwanza nirudi zahanati," akasema.

Methodius, dresa wa zahanati, alisikiliza habari za homa na za mgeni, akamchoma Koku sindano.

"Homa ilianza lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na mgeni alikuja lini?"

Kemirembe alihesabu. Mgeni alikuwa na wiki mbili tu.

"Nyasi mnatandika vipi?"

"Mpya juu ya zile kuukuu. Kama watu wote."

"Basi mmewafunika papasi vizuri, walale joto." Methodius alicheka kidogo. "Ni wadudu wa rangi ya udongo. Usiku wanatoka kwenye nyufa, wanauma, wanaacha homa. Toa nyasi zote, uchome. Ziba nyufa, uipige sakafu iwe ngumu. Mtoto alale kitandani, mbali na ukuta."

Kemirembe alirudi mbio. "Fungua hicho kifurushi," alimwambia Mukandekezi. "Tuna kazi."

Walichoma nyasi, wakakanda udongo, wakasiliba. Karibu na mafiga walikuta papasi tele. Waliwaua wachache, wakawaweka kwenye kigae.

Mkungu alifika na Adelgunda baada ya wiki tatu. Koku alikuwa akicheza uani. Homa haikurudi tena.

"Shikamoo, mkungu. Huyu ni mgeni wangu," Kemirembe akasema. "Mwandike kwangu. Mimi ndiye mdhamini wake."

Mkungu alimtazama mtoto, akaitazama sakafu mpya.

"Nitamwandika," akasema. "Lakini Adelgunda anasema mgeni huyu ndiye aliyeleta ugonjwa."

Koku alikimbia ndani, akatoka na kile kigae cha papasi.

"Walioniuma ni hawa. Papasi ni wa kwetu," akasema.