Wimbo Ulioimbwa Mezani kwa Mama Mkwe

"Nives, umekaa? Kaa kwanza."

Nives Bertoldi alikuwa ameshika sufuria ya tambi. Akaitua. Kwenye simu, sauti ya meneja wake, Ercole, haikuwa ya heri hata kidogo.

"Wimbo wako uko mtandaoni. Watu elfu arobaini wameshausikia."

Miaka tisa alikuwa akipeleka nyimbo kwenye lile tamasha la Februari ambalo Italia nzima hulikodolea macho kwenye runinga, na miaka tisa akikataliwa. Safari hii walimkubali, zikabaki siku kumi na moja tu. Sharti kubwa ni moja, halina msamaha: wimbo usisikike hadharani kabla ya usiku huo.

"Nimeuimba mara moja tu, Ercole! Mezani kwa mama yake Tazio, siku ya mtakatifu wa jina lake. Walikuwa watu wanne!"

"Basi mmoja wao kakumaliza. Wameshakuondoa, mwanangu. Pole sana."

Akampigia Ilde, dada wa mpenzi wake Tazio, kwa hasira.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Mimi tena? Simu yangu hata picha haipigi! Hebu iangalie hiyo video kwanza, ndipo unitukane."

Akaiangalia. Yeye yuko katikati na gitaa. Mama mkwe anajifuta machozi. Ilde anakata keki. Mume wa Ilde anasinzia na glasi yake ya mvinyo. Akairudia mara tatu akimtafuta Tazio. Hakuwemo.

Tazio alikuwa sebuleni, anabadilisha nyuzi za gitaa. Mwanaume wa miaka arobaini, mashati bado anapigiwa pasi na mama yake, lakini Nives alimpenda hivyo hivyo, miaka kumi na miwili bila ndoa, tangu walipokuwa wakipiga muziki kwenye harusi za watu. Alishindwa kumkabili. Akamwandikia ujumbe kutoka jikoni: "Ni wewe?"

Simu ikalia sebuleni. Kisha jibu: "Nisamehe."

Akamfuata.

"Kwa nini, Tazio?"

"Niliogopa. Ungehamia Milano, ungepata watu wa hadhi yako. Mimi ningebaki na harusi zangu."

"Si ungeniambia!"

"Nikuambie nini? Usiende?"

"Ndiyo! Ungesema usiende! Tungegombana, tungelia, ningeenda na ningerudi!"

"Tutaanza upya, mpenzi. Mwakani utapeleka mwingine."

Nives akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Pale mezani sikuuimba wote. Ubeti wa mwisho niliuficha. Nilitaka uusikie usiku ule, watu wote wakisikiliza. Nilikuwa nakuomba unioe, Tazio. Nimekutaja kwa jina."

Tazio akapiga magoti, gitaa likaanguka sakafuni. Alilia kama mtoto, na sitamcheka kwa hilo.

"Niimbie sasa. Nakusihi. Niimbie huo ubeti tu."

Nives alivaa koti, akafunga vifungo vyote bila haraka. Moyo ulimuuma, kwa sababu mapenzi hayakuwa yamekwisha.

"Chakula kiko jikoni," alisema.

Aliposhika kitasa cha mlango, Tazio alikuwa bado amepiga magoti, anasubiri aimbe.