Kengele ya Wanune

Umemwona. Usijifanye hujamwona. Mbwa mdogo mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni kama bangili, amekaa kando ya barabara ya Muleba akikutazama kwa paji la uso lenye makunyanzi, kama mzee aliyekuja kudai shamba lake. Ukageuza uso. Ukasema, "Koko tu huyo," ukaenda zako kuulizia mbwa wa kizungu mwenye hati, anayekula kuliko wanao na kuugua kila mvua ikinyesha.

Haya, leo hutageuza uso. Kaa usikilize yaliyomkuta Rwekaza wa Kanazi ziwani.

Injini ilizimika Kemondo ikiwa imeshapotea nyuma, na kisiwa cha Bumbire bado ni mstari mwembamba mbele. Mustapha, mwenye mtumbwi, alivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Akafungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Imelowa," alisema. Kisha akainua macho. "Na lile linalokuja kule litatulowesha na sisi."

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka majini, jeusi tii, na chini yake ziwa limegeuka rangi ya bati. Lakini Rwekaza hakuliona wingu kwanza. Alimwona dada yake, Evodia, akimfunika mbwa kwa kanga yake, na mbwa akiingiza pua kwapani kwake kama mtoto mchanga. Ndipo akaliona wingu.

Mbwa huyo aliitwa Wanune. Jina alipewa na baba yao, marehemu mzee Ishengoma, kumkera jirani aliyekuwa akinuna kila nyama ya mawindo ikipita njiani. Jirani alikufa, mzee naye akafa, jina likabaki likimchoma Rwekaza peke yake. Siku ya kuanua tanga wazee walimkalisha kwenye kiti cha baba kama omusika, mrithi wa boma, wakamkabidhi mkuki na kibanja, shamba la nyumbani, na migomba na kahawa yake yote. Lakini mbwa wa mawindo hakabidhiwi kwa maneno. Wawindaji wa ukoo ule walikuwa na desturi yao: anafunguliwa kamba mbele ya watu, na yule atakayelaliwa miguuni ndiye mwenyewe. Wanune akafunguliwa. Akapita mbele ya kiti cha Rwekaza, akanusa mguu wa kiti, akaenda kulala juu ya viatu vya Evodia, aliyekuja kutoka Nshambya na mkoba wake wa mjini na hata panya hajawahi kuwinda.

"Loo, waitu, jamani," mtu akasema kule nyuma, "kumbe omusika wa kweli ni huyu." Watu wakacheka, na mwinjilisti naye akacheka.

Kicheko hicho Rwekaza alikuwa bado anakisikia. Aliamka nacho, alichuma nacho kahawa, aliingia nacho kanisani. Ndiyo maana aliizuia kengele ya mbwa huyo.

Maana mbwa hawa hawabweki. Wakifurahi huimba, sauti inapanda na kushuka kooni kama ya mwanamke anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Lakini wakiwa kazini wako kimya kama moshi. Kwa hiyo mababu waliwachongea kengele za mbao zenye ndimi za mti, wakazifunga shingoni. Wawindaji walitega nyavu, mbwa akaingia porini, na watu wakamfuata kwa sikio. Walifanya hivyo mbele ya wafalme wa nchi hii kabla haijachorwa ramani ya kutugawa na Uganda. Wakaja wageni, wakawaangalia mbwa hawa, wakasema shenzi. Halafu upande wa Kongo wageni hao hao wakawachukua wa jamaa hiyo hiyo, wakawapeleka Ulaya, wakawapa jina na hati, na leo wanapigwa picha juu ya mazulia. Wa kwetu wakabaki na jina la koko, na nyama yenye sumu na risasi kila hofu ya kichaa cha mbwa ikizuka. Hayo tumeyakumbuka, hata kama wewe umeyasahau.

Wanune alikuwa wa damu hiyo, mwekundu kama udongo wa kichuguu, kifua na vidole vyeupe, msafi, anajilamba kama paka, na mwenye kiburi: humwiti akaja, anakuja akitaka. Na jike wa damu hiyo hupata joto la kutaka dume mara moja tu kwa mwaka. Mdomo wake ulishaota mvi. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho, na dume pekee aliyejulikana alikuwa Bumbire kwa mzee Lwakatare, mwindaji mwenzake Ishengoma. Wasipofika ndani ya siku zile, ukoo wake unaishia hapo.

"Kengele umeichukua?" Evodia alikuwa amemuuliza kaka yake asubuhi, pwani ya Kemondo.

"Ipo nyumbani, msumarini," Rwekaza akajibu.

Alisema uongo. Ilikuwa ndani ya koti lake, juu ya moyo, imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amemwekea mtoto wa kwanza wa Wanune atakayezaliwa, dume, wake mwenyewe, atakayefumbua macho amwone yeye na si mwingine.

Dhoruba iliwapiga ubavuni. Wimbi la kwanza lilijaza mtumbwi, la pili likaupindua. Rwekaza alizama gizani, akatokea, akameza maji, akashika dumu la petroli lililokuwa linaelea. Mustapha alilishika upande wa pili kwa mkono mmoja; wa pili ulining'inia, bega limetoka mahali pake. Evodia hakuonekana. Kisha mawimbi yalipoinama Rwekaza akaona kichwa chekundu kikikata maji, na nyuma yake dada yake, ameushika mkia wa mbwa kwa vidole viwili.

Hakujua kwa nini jambo lililomjia kwanza halikuwa shukrani.

Upepo uliwasukuma mpaka kwenye kitu kilichowapokea kwa ulaini: kipande cha mafunjo kilichomeguka ufukweni, kisiwa cha mizizi na magugumaji kinachoelea, upana wake kama uwanja wa nyumba. Walijiburuta juu. Kila hatua ilizama mpaka gotini. Mustapha aliwafundisha kukunja mashina na kuyalaza yakipishana, tabaka juu ya tabaka, mpaka pakawa na kitanda.

"Msisimame sehemu moja," alisema, meno yakigongana. "Hili ni godoro la Mungu, lakini limetoboka."

Shavu la mguu wa Evodia lilikuwa limechanwa na pangaboi la injini. Rwekaza alikamua maji kwenye kanga, akaifunga kwa nguvu.

"Polepole, kaka."

"Nikifunga polepole itaendelea kutoa damu."

"Na maji ya kunywa?"

"Unalo ziwa zima," Mustapha akasema. "Usinywe ya kwenye magugu. Fika ukingoni."

Chakula kilikuwa kopo la senene wa kukaanga, zawadi ya kumpelekea mzee Lwakatare, lililosalia mfukoni mwa Evodia. Walikula wachache wachache.

"Baba angeona unakula senene," Rwekaza alisema, "angesema mwanamke umevunja mwiko."

"Baba alikuwa ananiachia kwenye jani, nyuma ya jiko," Evodia akajibu. "Hukujua?"

Hakujua. Hilo nalo likaingia mahali kilipokuwa kile kicheko.

Usiku Wanune alilala juu ya mguu wenye jeraha. Rwekaza alikuwa anatetemeka hatua mbili tu kutoka pale. "Wanune," aliita kwa sauti ya chini, sauti ileile ya baba yake. "Wanune, njoo." Mbwa aliinua kichwa, akamtazama kwa makunyanzi yake, akageuza uso. Mwanamume mzima mwenye kibanja aliona wivu kwa mguu unaovuja damu.

Kulipokucha ukungu ulikuwa mzito na kisiwa kilikuwa kimeacha kuyumba. Mustapha alichovya shina refu, likagota tope. "Tumenasa," alisema. "Huku ni Muleba, nadhani. Nchi kavu ipo mbele. Tatizo ni hapa katikati."

Mbele palikuwa na bwawa la mafunjo, marefu kuliko mtu, yamebanana, hayana mwanzo wala mwisho. Ukipiga kelele sauti inarudi mdomoni. Rwekaza alijaribu kuingia, akazama mpaka kifuani, akarudi kwa kushika mizizi. Kisha Wanune akanyanyuka, akanusa upepo, akapenya mahali ambapo hapakuonekana upenyo. Akapotea. Wakangoja. Akarudi upande mwingine kabisa, miguu imepakaa udongo mwekundu.

"Amekanyaga nchi kavu," Mustapha akasema. "Ona huo udongo. Anaijua njia."

"Anaijua yeye," Rwekaza akasema. "Sisi hatumwoni wala hatumsikii. Akiingia hatua tatu ameshapotea."

Evodia alikuwa amelala, midomo imekauka, mguu umevimba na kuwa moto. Homa ilikuwa imemshika. "Laiti tungekuwa na kengele," alisema, si kwa kulaumu. Akafumba macho. "Siku zake zinaisha, kaka. Hata tukipona sisi, yeye zinaisha."

Kile kipande cha mti kilikuwa kimemgandamiza Rwekaza kifuani tangu jana mpaka kimemwachia alama. Akiitoa, watajua. Akiifunga shingoni mwa mbwa huyu, mtoto wake wa kwanza atabaki na shingo tupu, na mbwa aliyemkataa mbele ya watu atavaa sauti ya baba yake. Alimtazama dada yake anayetetemeka. Akaingiza mkono kotini.

Evodia alifumbua macho. "Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Gombaneni mkifika kavu," Mustapha akasema. "Hapa mtatuzamisha."

Kengele ilikuwa bado imezibwa kwa jani kavu la mgomba, kama mwindaji anavyoziba mpaka mawindo yaanze. Ishengoma ndiye aliyeliweka kwa vidole vyake mara ya mwisho. Jani lilikuwa limelowa na kuvimba. Rwekaza alilivuta kwa meno, likatoka vipande vipande, na mdomoni mwake kukaja ladha ya moshi na mafuta ya mbwa, harufu ya baba akirudi jioni. Akaitikisa. Ko, ko, ko. Wanune alisimama wima, akaja mwenyewe, akainamisha shingo.

Akafungwa. Akapenya kwenye mafunjo, kengele ikalia mbele, kisha ikageuka, ikarudi. Akalala kwa Evodia. Walimsukuma, akaenda, akarudi tena. Hakukubali kumwacha.

Hapo Rwekaza alielewa, na kuelewa kulimuuma kuliko mguu ule ulivyomuuma mwenzake. Hakuna siku mbwa huyu atamwongoza yeye. Atamwongoza Evodia tu. Basi aliinama, akampakia dada yake mgongoni, akamfunga kwa kanga kama mtoto, mikono yake ikavuka shingoni. Wanune aliwatazama wote wawili kama mtu mmoja. Akaondoka bila kurudi nyuma.

Njia ilikuwa handaki la viboko, limekanyagwa chini ya mafunjo, tope hadi mapajani, mizizi inayoshika vifundo vya miguu. Mustapha alifuata nyuma akishika mshipi wa Rwekaza kwa mkono wake mzima. Rwekaza hakuona chochote. Alitembea kwa sikio. Ko, ko, kushoto. Ko, kulia. Alianguka, akainuka. Pumzi ya moto ya dada yake ilimpiga shingoni.

Kengele ikanyamaza.

Baba alikuwa amewafundisha wakiwa watoto: kengele ikinyamaza, na wewe nyamaza. Rwekaza aliganda. Evodia naye aliganda, ingawa alikuwa nusu yuko ndotoni. Mbele yao maji yalijaa, mafunjo yakalala, na kitu kikubwa kama lori kikapita kikipumua, karibu kiasi cha kuwarushia tope usoni. Walisikia mashina yakivunjika mbali, mbali zaidi. Kisha, taratibu, ko.

Waliendelea mpaka goti likagota udongo mgumu. Kwenye mteremko, katikati ya mafunjo yaliyokatwa kwa ajili ya mikeka, alisimama bibi mwenye mundu, machozi yanamtiririka.

"Nani anawinda?" aliuliza. "Waitu, nani anawinda huko?"

"Hatuwindi, bibi. Tumezama."

Bibi huyo, Anatolia, hakuwatazama wao. Alikuwa akimtazama mbwa. "Mume wangu alikuwa nao watano," alisema. "Waliletewa nyama ya sumu, wakafa hapa uani siku moja. Tangu siku hiyo sijasikia sauti hiyo. Nilidhani marehemu ananiita." Ndipo akauona mguu wa Evodia, akatupa mundu, akaita vijana wenye pikipiki.

Evodia alilazwa zahanati, Mustapha bega likarudishwa. Rwekaza alikunywa uji akiwa amesimama, akauliza boti ya Bumbire inaondoka saa ngapi.

"Leo leo?" Mustapha akashangaa. "Jana ziwa limekumeza likakutema, huogopi litakutafuna?"

"Naogopa," Rwekaza akasema. "Siku zake zinaisha." Akapanda boti, akaenda, akarudi na dume la mzee Lwakatare kwenye kamba, yeye mwenyewe ametapika njia nzima.

Watoto walizaliwa wanne, Nshambya, nyuma ya jiko la Evodia. Walipokua, wakafunguliwa kamba mbele ya watu. Mmoja alikuja kwa Rwekaza, akanusa viatu vyake, akawaza sana, akaenda kwa mwingine. Rwekaza alicheka kwa mdomo. Wivu haukumwisha, usidanganywe. Unalala naye hadi leo. Lakini kila mmoja wa watoto wale ana kengele shingoni, na zote nne kazichonga yeye.

Sasa wewe. Wale wanne ni ndugu, hawawezi kuzaa wenyewe kwa wenyewe. Yule mwekundu wa barabarani uliyemgeuzia uso yuko wapi sasa hivi? Weka chini hiki unachosoma. Toka nje ukamtafute, Buhembe, Kanazi, Muleba, popote ulipomwona. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, ili mwenye bunduki akose kisingizio. Mchongee kengele. Ukisikia tena neno koko mdomoni mwa mwanao, mkanye. Na akiwa dume, mlete Nshambya kwa Evodia kabla sumu haijamfikia.

Nenda sasa, kukiwa bado na mwanga.