Marehemu wa Sura ya Tatu

Jumamosi ile duka la vitabu lilipendeza, ndugu zangu. Viti vya plastiki vilipangwa mpaka mlangoni, riwaya mpya zimejaa mezani zikinukia wino, na wasomaji wa hadithi za mauaji, ambao kwa kawaida ni wapole kuliko watu wote, walikuwa wakipeana nafasi kwa tabasamu. Mwandishi mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Mikasa, alivaa koti aliloshonewa na mkewe. Mkewe, fundi cherehani, alikaa safu ya pili pamoja na binti yao.

Mwenye duka akatangaza, "Sasa mwandishi atatusomea sura ya kumi na moja!"

Fundi akafumba macho. Sura zote hizo, kachagua hiyo hiyo!

Nisiwafiche. Katika sura ya tatu ya riwaya ile, mhasibu tajiri anapewa sumu, anakufa, anazikwa, na mjane wake analia kurasa nne nzima. Katika sura ya kumi na moja mhasibu yule yule ameketi na mpelelezi, anakunywa chai, na anaomba aongezewe sukari. Hajafufuka. Mwandishi alisahau tu kwamba alishamuua.

Mkewe aliliona kosa hilo muswada ukiwa bado mezani. Binti aliliona. Hata shemeji wa mwandishi, ambaye husoma huku anasinzia, aliliona. Lakini wote wakamwambia, "Hapo umemaliza kazi!" Kwa nini? Kwa sababu Mzee wa Mikasa alikuwa bingwa wa kununa. Mwaka mmoja mkewe alimwambia kwamba jambazi wake amefyatua risasi nyingi kuliko bastola inavyobeba. Alinuna siku nne, salamu haitikii, chakula anakula chumbani peke yake. Tangu hapo nyumba ikajifunza kusifu. Hata paa alilolitengeneza kwa mikono yake lilipovuja, walikinga ndoo, wakaificha kabla hajarudi, wakamwambia halipitishi tone. Jamani, uongo ukizoea nyumba hauchagui chumba.

Mwandishi akafungua kitabu, akakohoa kidogo. Nusu ya watu mle walishainunua riwaya tangu Jumatatu, na safu ya nyuma wakaanza kubinyana. Fundi akasikia mmoja akinong'ona, "Subiri, marehemu anakuja."

Akili ikamzunguka. Akinyamaza, mumewe atachekwa bila kujua kwa nini. Akisema, atanuniwa mpaka mwaka mpya. Akanyoosha mkono.

"Baba watoto, samahani."

"Mama watoto? Maswali ni baadaye."

"Hili haliwezi kungoja. Yule mhasibu tulimzika sura ya tatu. Sasa hiyo chai anakunywa nani?"

Mwandishi akafunua kurasa hadi sura ya tatu, akasoma, akarudi ya kumi na moja, akasoma. Mdomo wa chini ukaanza kushuka. Binti akamshika mama yake mkono.

"Umejua lini?"

"Tangu muswada."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie, halafu unune siku ngapi?" Akasimama. "Tumechoka kukuogopa, mume wangu. Hata paa linavuja."

"Paa langu?"

"Tangu mvua za kwanza."

Mzee wa Mikasa, ambaye alishawakamata wauaji kumi na saba kwenye karatasi, akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mkosaji wa nyumbani kwake ni yeye. Ilimuuma sana. Akafunga kitabu.

"Ndugu wasomaji, nimemuua mtu kisha nikamwandalia chai. Mke wangu alijua, lakini mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Naomba radhi, kwake kwanza."

Watu walicheka mpaka machozi, wakampigia makofi, kisha wakapanga foleni kununua ili wamwone marehemu akiomba sukari. Mwenye duka aliishiwa mifuko.

Kesho yake mwandishi alipanda kuziba paa. Aliposhuka alimkabidhi mkewe kurasa za hadithi mpya na kalamu nyekundu.

"Ukurasa wa kwanza tu, makosa matatu," mkewe akasema.

Mume akavuta pumzi kama mtu anayengoja sindano. "Yataje."

Akayataja yote matatu, bila kumtazama usoni kwanza.

Funzo la hadithi hii

Anayenuna kila akikosolewa hujinyima macho ya wale wanaompenda. Nanyi mnaosifu ili kukwepa kelele, hamumsaidii mtu. Mnamsindikiza kwenye aibu. Ukiambiwa kosa lako na wa nyumbani, shukuru, hata kama utashukuru huku umekunja uso.