Jiwe la Kisima cha Swami

Kila asubuhi kabla ya shule, Chirutha alibeba mtungi wa shaba kwenda kisimani. Akifika, alisimama mbali kwanza, akilitazama jiwe jeusi lililolazwa chini ya kamba ya ndoo. Hakuna aliyeweza kuteka bila kulikanyaga.

Zamani, juu ya jiwe hilo, watu walimchinjia majogoo mungu wa kike wa magonjwa. Swami Sukritan, mtawa na mwalimu wa dini, ndiye aliyeling'oa. Alisema Mungu hanywi damu, wala hambagui mtu kwa ukoo wake. Akachimba kisima, akalifanya jiwe kuwa ngazi yake, na watu wa koo zote wakateka hapo. Swami alikwisha kufa, kisima kikabaki.

Jumanne moja hapo kisimani, Omana, rafiki wa Chirutha, alimnong'oneza, "Chiru, leo ni siku ya mungu mke. Bibi yangu anasema jiwe bado lina kiu. Ukilikanyaga leo, kesho huamki."

"Mwongo wewe!"

"Haya, kanyaga basi. Mbona magoti yanagongana?"

Chirutha aligeuka, akaenda kuteka kwenye bwawa nyuma ya minazi, walikooga nyati wa kufugwa.

"Maji ya kisimani haya?" mama yake, Janaki, aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Siku tatu zilizofuata, hofu ikiwa haijamtoka, alifanya vilevile. Siku ya nne, mdogo wake Kannan, mtoto wa miaka mitatu, aliamka akitapika na kuharisha. Kabla jua halijapanda, macho yake yalikuwa yamezama na hakuwa na machozi ya kulia.

"Niliwaambia!" Bibi yao alipiga kelele, huku akimkimbiza jogoo uani ili amchinje. "Mmemnyima mungu mke jogoo wake, sasa anamchukua mtoto!"

Chirutha alijibana ukutani. Akisema kweli, atapigwa. Asiposema... Mama alichota kikombe kutoka mtungini, akakipeleka kwenye midomo mikavu ya Kannan.

"Mama, usimpe!" Chirutha alikirukia kikombe, maji yakamwagika. "Ni ya bwawani! Niliogopa jiwe. Nilikudanganya, mama."

Janaki akamwaga maji yote ya mtungi nje na kumwita jirani yao, Mwalimu Raghavan, mzee aliyekuwa mwanafunzi wa Swami.

Mwalimu alimgusa mtoto ngozi. "Amekaukiwa na maji mwilini. Janaki, injika mchele, tumpe maji yake yenye chumvi kidogo. Chiru, kimbia kisimani."

Chirutha alikimbia. Mbele ya jiwe, miguu ilikataa. Lilikuwa jeusi, limelowa, kama kitu kinachopumua. Akayakumbuka macho ya Kannan. Akafumba yake, akakanyaga. Jiwe lilikuwa baridi tu. Akavuta kamba.

Kijiko baada ya kijiko, walimnywesha Kannan maji ya mchele. Vijiko vya kwanza alivitapika, wakaendelea. Adhuhuri alilia, na shavuni likateremka chozi. Janaki naye akalia. Alasiri mtoto akasema, "Sukari guru!" Bibi akamwachilia jogoo aliyekuwa amemkamata, bila kumtazama mtu.

Chirutha alisubiri fimbo. Mwalimu akamketisha karibu.

"Siku ile ya kung'oa jiwe, mimi nilishika upande mmoja, Swami upande wa pili. Unajua niliona nini?"

"Hapana, mwalimu."

"Mikono yake ilitetemeka. Kijiji kizima kilitulaani, na yeye aliogopa kama wewe. Lakini alituambia wazi, 'Naogopa, nishikilieni.' Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa lako ni kuificha hofu kwa uongo, na uongo huo akaunywa mdogo wako. Lakini leo ulisema ukijua utapigwa, na ndiyo maana tulijua cha kumwaga na cha kumpa. Ukiogopa tena, sema. Tutakushikilia."

Jumanne iliyofuata, Bibi alichukua mtungi mwenyewe, akamfuata Chirutha hadi kisimani. Alipoliona jiwe, akasimama.

"Tangulia wewe," alisema. "Mimi naogopa."

Chirutha akapanda juu ya jiwe, akamnyooshea mkono.