Stata Mpya ya Mashine ya Mogesi

Apa kwanza. Lamba kidole, kiguse chini, useme: nikilitoa neno hili nje, ulimi wangu uote ukurutu. Haya. Agustina wa Nkende aliniapisha hivyo hivyo kabla ya kunisimulia, na ulimi wangu huu hapa, mzima, unaniwasha tu kwa kukaa kimya. Sogea.

Miaka ile ya hamsini Mogesi, mjane wa Mwikwabe, alikuwa na mashine ya kusaga hapo Nkende. Injini yake ilikuwa ya boti. Marehemu aliinunua Shirati, kutoka kwenye boti iliyozama pamoja na watu wake, kisha ikavutwa hadi ufukweni, akaipandisha Tarime kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wajaluo walimuuzia bila kubishania bei, naye akafurahi. Mtu wa ng'ombe angejuaje maana yake?

Mogesi hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alioa mke kwa ng'ombe wake mwenyewe, nyumba ntobhu kama mila ya Wakurya inavyoruhusu, ili apate wajukuu. Mke huyo ni Veronika, na alikwisha zaa binti, Rhobi, bado ananyonya. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Veronika akifukuzwa, anaondoka na kitambaa chake cha kichwani tu.

Kila asubuhi Veronika ndiye aliyewasha injini. Ile stata, mota ndogo ya kuiamsha, ilikuwa imechoka: ukibonyeza inasema "tik," inanyamaza. Fundi Nikodemo alimfundisha kuigonga kwa nyundo, ko! ko! ko!, mpaka izunguke. Nkende nzima iliamka kwa makelele yake.

Mwishowe Nikodemo akaleta stata nyingine kutoka Musoma. Alipoichomoa ya zamani, tunduni pakachuruzika ute mweupe, mzito, unaovutika kama wa kambale. Na injini ile haikuwa imegusa ziwa kwa miaka.

"Grisi hii, fundi?" Mogesi akauliza, na kabla hajajibiwa akachovya kidole, akalamba.

"Mama!" Veronika akaziba pua.

"Tamu kidogo," Mogesi akasema. Akalamba tena.

Stata mpya ikafungwa. Ukiigusa swichi tu, injini inanguruma. Hakuna tena kugonga.

Unga ukaanza kunuka. Kwanza kama nguo iliyoanikwa ikanyeshewa. Halafu kama samaki aliyesahauliwa kwenye kikapu. Ugali wa wimbi ukavutika nyuzi kati ya tonge na sahani. Efrazia, jirani, alitafuna kitu kigumu, akakitema: ukucha wa mtu, una nyama laini kwenye shina lake.

"Veronika, unasaga nini humo, makaburi?" akafoka.

"Shangazi, naapa, nasaga mnachonipa."

"Huyu ni mchafu," Mogesi akasema nyuma ya Veronika, midomo yake ikimeremeta kama imepakwa mafuta. "Siku ya soko ataondoka mbele yenu wote. Mtoto atabaki."

Jioni ile Dorka, muuza samaki kutoka Shirati, alipita mashineni. Akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Nyathina, mwanangu," akanong'ona, "injini hii mliitoa kwetu?"

"Ndiyo, mama. Kwa nini unanong'ona?"

"Usiitike kitu kitakachokuita humo ndani. Hao ni Nyawawa, wafu wa ziwani. Kwetu wakipita na upepo tunagonga masufuria mpaka warudi majini. Nyinyi mlikuwa mkiwagongea kila asubuhi bila kujua. Mmeacha. Sasa wametoka kwenye chuma, wameingia kwa mtu."

"Kwa nani?"

"Gonga. Asiyevumilia utamwona."

Siku ya soko watu wakajaa, wanawake na magunia yao, Efrazia mbele, na Mogesi akiwa amempakata Rhobi kana kwamba Veronika amekwisha ondoka. Veronika hakujitetea. Alichukua nyundo, akaigonga ile stata mpya, ko, na mara moja harufu ikapanda kutoka sakafuni, nzito kiasi cha kulambika; akagonga tena, Dorka, aliyesimama tena mlangoni, akaitikia kwa debe, wanawake wengine wakashika vifuniko na makopo bila kujua wanagongea nini, na kadiri makelele yalivyozidi ndivyo Mogesi alivyozidi kutokwa jasho zito, jeupe, lililoning'inia kidevuni bila kudondoka, mpaka akamwachia mtoto mikononi mwa Efrazia, akakimbilia kwenye mdomo wa mashine ambamo mahindi humiminwa, akazamisha mikono hadi viwiko, akapanua taya pana kuliko taya la mtu linavyoweza, akatapika humo ndani, kwa utulivu, kama mama anayemimina uji: ute, magamba, kucha, nywele za watu wengi zilizosukana, na macho madogo ya samaki yaliyokuwa bado yanageuka.

Makopo yakanyamaza. Mikono ya Mogesi ilikuwa bado humo, ikikoroga.

"Mogesi," Efrazia akanong'ona. "Kumbe ni wewe?"

Mogesi akawageukia wote, uzi wa ute ukitoka mdomoni mwake hadi kwenye unga, na sauti iliyotoka ilikuwa ya watu wengi waliojaa maji kooni.

"Mnashtuka nini?" ikasema. "Mmekwisha kula."