Miaka Minne Ndani ya Wimbo Mmoja

Murunga huunga mageti ya chuma mtaani Huruma, mjini Eldoret. Ukisikia nyundo kabla hujanywa chai, ujue ni yeye. Ni mtu wa maneno mengi na machozi ya karibu, na hakuna kitu anachokipenda kama binti yake, Nanzala.

Nanzala alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda kwa ndani. Mama yake, Nekesa, alimfunika shali hata jua likiwaka. Kukhu, yaani nyanya mzaa baba, alisema kwao hakujawahi kuonekana mguu kama huo, kisha akamtazama Nekesa kwa jicho baya. Jicho lile lilimuuma Nekesa mpaka akaacha kumpeleka mtoto kanisani.

Muuguzi aliwaambia kwamba hakuna aliyerogwa wala aliyekosea. Watoto wengi huzaliwa hivyo, na mguu hutibika, hasa ukiwahiwa mapema. Aliwatuma kliniki ya miguu mtoto angali mchanga. Huko mguu ulinyooshwa pole pole kwa plasta ngumu iliyobadilishwa kila wiki. Plasta ilipotolewa, Nanzala alipewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Miezi ya kwanza avae usiku na mchana. Baadaye avae akilala tu, mpaka atimize miaka minne au zaidi, kadiri watakavyoambiwa kliniki.

Nekesa alivifunga kila jioni. Mtoto alilia, naye akafunga. Nanzala alipoanza kutembea, mguu ulikuwa umenyooka kabisa.

Jumapili moja, ukumbi wa kanisa ulionyesha filamu ya maisha ya mwanariadha. Naye alizaliwa na mguu kama wa Nanzala. Watoto wa kijijini walimcheka na kumtenga kwenye michezo. Kisha daktari akamtia plasta, ukapigwa wimbo mtamu, na wimbo ulipokwisha alikuwa kijana anayekimbia. Mwishoni kijiji kizima kilimbeba mabegani. Murunga alilia wazi wazi, akajipangusa kwa mikono yenye masizi, akatoka ukumbini uso mweusi tititi.

Jioni alivichukua vile viatu, akavitundika kwenye msumari.

"Mama Nanzala, hii maneno ya viatu imeisha," alisema. "Si umeona yule? Alitoa plasta, akakimbia. Wacha mtoto alale kama wenzake."

Nekesa alisita. Nanzala hakuwa amefika hata miaka mitatu. Lakini alikuwa amechoka na kilio, na ule mguu wa kwenye filamu aliuona ukikimbia kwa macho yake mwenyewe. Hakuvitungua, vikabaki msumarini.

Miezi ilipita kwa raha. Murunga aliwasimulia wateja filamu nzima, hata waliokuja kuulizia kufuli tu.

Karibu na karakana yake, mwanamke aitwaye Hawa huuza nguo. Siku moja Nanzala alikuwa akicheza mlangoni pake. Hawa alimtazama akitembea, akamvua slipa ya kushoto, akaigeuza.

"Baba Nanzala, wacha hiyo nyundo kidogo," aliita. "Hii slipa inaisha upande wa nje. Na kisigino hakifiki chini. Huyu mtoto analala na viatu zake?"

Murunga alijibu hapana, kisha akaanza kumsimulia filamu. Hawa alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Hata mimi niliiona," alisema. "Nilingoja waonyeshe hizo viatu, sikuona. Bilal wangu alilala nazo mpaka akaanza shule. Ile wimbo ni miaka nne, Baba Nanzala. Waliruka."

Murunga alishangaa. Bilal anamjua vizuri. Ndiye kijana anayecheza mpira mtaa wa Pioneer, yule ambaye mashuti yake yameshavunja kioo cha duka la mama yake. Hakuwahi kujua kwamba naye alizaliwa na mguu uliopinda.

Hawa alimweleza kwamba mtoto akiwa anakua, mguu wake hutaka kurudi ulikotoka. Viatu ndivyo huuzuia. Kisha akamuuliza, "Wewe ukishaunga geti, unatoa klempu yenye imelibana saa hiyo hiyo?"

"Hapana. Lazima chuma ipoe. Ukitoa mapema inajivuta, inapinda."

Murunga alijisikia akisema maneno yale. Akaweka nyundo chini. Aliogopa kuliko siku zote.

Kesho yake walikuwa kliniki, yeye na Nekesa. Muuguzi hakuwagombeza. Aliwaambia mguu umeanza kurudi, lakini umewahiwa. Wangekawia zaidi, huenda mtoto angehitaji upasuaji mkubwa. Nanzala alitiwa plasta tena, kisha akapewa viatu vipya vinavyomtosha.

Safari hii Murunga alivifunga mwenyewe. Soksi kwanza. Kisigino kikae chini kabisa, mkanda ufungwe, kisha kamba. Asubuhi alikagua kama kuna kidonda. Nanzala alilia siku chache tu, halafu akazoea. Kukhu alipokuja kuwatembelea alimkuta mwanawe amepiga magoti mbele ya miguu ya Nanzala. Naye akapiga magoti kando yake, akaomba aonyeshwe mkanda unavyofungwa.

Nanzala alipokaribia miaka mitano, kliniki ilimruhusu kuviacha. Mwaka huo ukumbi ulionyesha filamu ile tena. Wimbo ulipoanza tu, Murunga aliomba picha isimamishwe, akainua juu vile viatu, alivyokuja navyo kutoka nyumbani.

"Hapa wanaruka," alisema. "Hii ndiyo ilibaki nje ya filamu. Kila siku mtoto akilala. Mimi nilitoa mapema, mguu ikaanza kurudi."

Kwenye benchi la nyuma alikuwapo mama kijana aliyemfunika mtoto wake shali, na ukumbi ulikuwa wa joto. Alifunua shali pole pole. Watu wakageuka kumtazama. Nanzala akakimbia mpaka kwake, akaushika ule mguu mdogo uliopinda kwa mikono miwili.

"Hata mimi nilikuwa na hii," alisema.

Yule mama aliinamisha kichwa. Basi Kukhu, aliyekuwa ameketi benchi la mbele, akasogea, akaacha nafasi.

"Kuja na mtoto, mama," alisema. "Kaa hapa na sisi."